Rushwa ya Wakubwa: Inakoingilia, Inavyoumiza na Pa Kuikamatia

Rushwa ya wakubwa ni matumizi ya madaraka ya umma kwa faida ya mwenye madaraka, jamaa zake au wanaomfadhili. Inaizidi ile ya askari wa barabarani au karani wa masjala kwa kiasi cha fedha, lakini tofauti kubwa zaidi imo katika namna inavyofanyika. Karani hudai chochote ili afanye kazi ambayo tayari ni wajibu wake. Mkubwa huuza uamuzi wenyewe: nani apewe zabuni, kiwanja cha nani kitwaliwe, kodi ya nani isamehewe, nani ateuliwe na nani ahamishwe. Aliyetozwa hongo dirishani anajua kaibiwa, na anamjua aliyemwibia. Aliyeibiwa kwa mkataba hajui, na huenda asijue mpaka siku mitambo inapokataa kuwaka au zahanati inapokaa miaka bila kuezekwa.

Nchini Tanzania, tume ya rais iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba, ambayo ripoti yake ilitoka mwaka 1996, iliwagawa wala rushwa katika makundi mawili: wanaopokea kwa sababu kipato hakiwatoshi, na walio ngazi za juu wanaokula kwa tamaa ya kujilimbikizia mali. Mgawanyo huo bado una maana, kwa kuwa ushauri mwingi unaotolewa kwa wananchi umelenga kundi la kwanza peke yake. Mabango ya kukataza kutoa na kupokea rushwa hutundikwa kwenye korido za hospitali na vituo vya polisi. Mwananchi anaambiwa akatae kutoa elfu tano, na ni sawa akatae, lakini ni nadra kuambiwa afanye nini kuhusu bilioni tano. Makala haya yanahusu hizo bilioni, na yanaegemea zaidi Tanzania, kwa kuwa sheria na ofisi hutofautiana nchi na nchi.

Inakoingilia

Mlango mpana kuliko yote ni ununuzi wa umma. Serikali hununua kila kitu, kuanzia chaki hadi mitambo ya umeme, na kila ununuzi una mtu anayeandika sifa za kinachotakiwa, anayetathmini maombi na anayetia saini. Ile asilimia 10 inayozungumzwa mitaani kwa kawaida haitoki mfukoni mwa mkandarasi. Huongezwa kwenye bei, kisha hufidiwa kwenye kazi: nondo nyembamba, saruji pungufu, lami ya kupaka tu. Mwananchi hulipa mara mbili, kwanza kama mlipa kodi, kisha kama mtumiaji wa barabara inayobomoka msimu wa pili wa mvua.

Mwaka 2001 Tanzania ilinunua rada kutoka kampuni ya Uingereza ya BAE Systems kwa takriban pauni milioni 28, huku Benki ya Dunia ikiwa imeonya kwamba mfumo ule ulikuwa ghali mno kwa mahitaji ya nchi. Miaka ikapita. Mwezi Desemba 2010 kampuni hiyo ilikiri mbele ya mahakama ya Uingereza kwamba haikutunza kumbukumbu sahihi za malipo yaliyopitia kwa wakala wake, ikatozwa faini ya pauni 500,000, na pauni milioni 29.5 zikalipwa kwa Watanzania. Kosa lililokubaliwa lilikuwa la utunzaji wa hesabu. Hongo yenyewe haikuthibitishwa mahakamani. Fedha zilizorudi zilielekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi. Ni nadra hesabu ya mkataba mbaya kuonekana kwa macho namna hiyo: kwa miaka 10 fedha zile zilikuwa nje ya nchi, na watoto walikuwa sakafuni.

Dharura nayo ni saa ya neema kwa wapigaji. Mwaka 2006 ukame ulikausha mabwawa ya kufua umeme, mgawo ukaanza, na kampuni ya Richmond ikapewa mkataba wa kufua megawati 100 kwa mitambo ya kukodi. Mitambo haikufika kwa wakati, na mkataba ukahamishiwa kampuni nyingine, Dowans. Kamati Teule ya Bunge iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe ilichunguza, na mwezi Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu, akisema hakupewa nafasi ya kujieleza mbele ya kamati. Wengi walihesabu jambo lile kuwa limekwisha. Halikwisha. Mwaka 2010 mahakama ya usuluhishi ya kimataifa iliamuru Tanesco, shirika la umeme la nchi, iilipe Dowans kiasi kilichokaribia shilingi bilioni 94 kwa kuvunja mkataba. Kiongozi akijiuzulu, saini yake haijiuzulu naye. Kelele zinazoanza baada ya mkataba kusainiwa huweza kumwangusha mtu na bado zikamwachia mwananchi deni.

Mahali pengine pa kuchungwa ni akaunti isiyoulizwa na mtu. Benki Kuu ya Tanzania ilikuwa na Akaunti ya Madeni ya Nje, iliyofahamika kwa kifupi chake cha EPA, ya kulipia bidhaa zilizoagizwa zamani wakati nchi haikuwa na fedha za kigeni. Katika mwaka wa fedha wa 2005/06, ukaguzi ulibaini kwamba kampuni 22 zililipwa takriban shilingi bilioni 133 isivyo halali, nyingine kwa hati za kughushi zilizodai kwamba wadai wa kigeni wamezihamishia haki zao. Mwezi Januari 2008 uteuzi wa Gavana ulitenguliwa. Madeni yale yalikuwa ya miaka ya nyuma sana, wadai wako ng'ambo, na hakuna mwananchi aliyekuwa akiisubiri fedha ile. Pesa isiyo na mwenyewe anayeingoja ndiyo nyepesi kuliwa, na kanuni hiyo haibadiliki ikishuka hadi kwenye mfuko wa kijiji.

Kesi hizi hazikufanana, ila zote ziliacha karatasi. Rada ilinaswa na vitabu vya hesabu, Richmond na nyaraka za zabuni, EPA na hati za madai. Rushwa ya dirishani hufanyika kwa mkono na kutoweka. Ya wakubwa inahitaji mkataba, muhtasari wa kikao, hati ya malipo na akaunti ya benki, kwa sababu fedha ya umma haitoki bila karatasi. Ushauri wote unaofuata umesimama juu ya jambo hilo.

Inavyoumiza

Dhara la kwanza ni kukosekana kwa vitu, na kukosekana hakuna mlalamikaji. Mama anayeambiwa dawa zimekwisha, akanunue kwenye duka lililo mbele ya geti, hana ushahidi kwamba kuna aliyezila. Hasira yake humwangukia aliye mbele yake. Muuguzi hutukanwa kwa kosa la mtu asiyemfahamu, mwalimu hulaumiwa kwa darasa la wanafunzi 120, dereva wa daladala hulaumiwa kwa barabara. Hili halisemwi vya kutosha: wizi wa juu huwagombanisha walio chini wao kwa wao, nao wakubwa hubaki watu wa kuombwa msaada. Si ajabu kiongozi yuleyule aliyepitisha mkataba mbovu akaonekana wiki inayofuata akichangia mifuko ya saruji kwa mbwembwe, na kupigiwa makofi.

Dhara hili halikomei kwenye huduma. Kashfa ya Goldenberg nchini Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilihusu malipo ya serikali kwa kampuni iliyodai kuuza nje dhahabu na almasi, ilhali Kenya haikuwa na almasi na dhahabu yake ilikuwa kidogo sana. Mabilioni ya shilingi yaliyoingizwa kwenye mzunguko yalichangia kuishusha thamani ya fedha ya nchi, na mwaka 1993 mfumuko wa bei ulipita asilimia 40. Muuza mboga wa Kisumu ambaye hakuwahi kulisikia neno Goldenberg aliilipia kashfa ile kila aliponunua unga.

Kisha huja kuiga. Mhasibu wa wilaya akiona bosi wake anajenga kwa mshahara usioweza kujenga, na hakuna anayeuliza, hujiona mjinga kubaki alivyo. Sehemu za kazi zikishazoea hivyo, hupindua heshima: mwadilifu huitwa mnoko au mtu asiyejua kujipanga, hukosa semina na safari, na mwisho huhamishiwa kituo cha mbali kwa maslahi ya umma. Anayebaki ni yule anayekubali. Ndiyo maana idara inaweza kubadilishiwa mkuu mara tatu na ikaendelea kuoza. Mtandao wa chini umeshachujwa.

Nje ya ofisi heshima hupinduka vilevile. Mwenye fedha zisizo na maelezo hupewa kiti cha mbele harusini, huwa mgeni rasmi kwenye harambee ya kanisa au ujenzi wa msikiti, na watoto humtazama. Nyumba za ibada zina sehemu yao ya lawama hapa, na si ndogo. Mahubiri dhidi ya rushwa ni mengi. Bahasha iliyorudishwa kwa mtoaji haisikiki.

Kwa vijana dhara huitwa kujuana. Kazi zikigawiwa kwa vimemo, cheti hushuka thamani, na mzazi hutumia nguvu kutafuta mtu wa kumshika mkono mwanawe badala ya kufuatilia masomo yake. Wanawake hubeba mzigo wa ziada: mwenye madaraka ya kuajiri, kupandisha cheo au kusahihisha mtihani akidai mwili, mwathirika hupoteza haki yake na heshima yake kwa pamoja, na mara nyingi ndiye anayeulizwa alikwenda ofisini kwake kufanya nini. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania ya mwaka 2007, katika kifungu cha 25, inalitaja dai hilo kuwa kosa la rushwa. Kwa hiyo haliwi tena suala la tabia la kumalizwa na kamati ya idara kwa onyo la mdomo.

Mwisho wananchi hujitoa. Hugoma kuchangia ujenzi wa shule wakisema michango ya mwaka jana ililiwa, wafanyabiashara huuza bila risiti kwa hoja kwamba kodi inakwenda kwa wajanja, na mkutano wa kijiji hukosa akidi. Kujitoa huko kunaeleweka, lakini kunamfaa mlaji kuliko mtu mwingine yeyote. Kikao kisichofanyika hakisomi mapato na matumizi.

Kuomba karatasi mapema

Aliye mbali na ikulu na wizara ana mahali pa kuanzia. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, wakazi wote wa kijiji wenye umri wa miaka 18 na kuendelea ni wajumbe wa Mkutano Mkuu wa Kijiji, unaopaswa kukutana walau mara moja kila miezi mitatu. Hapo ndipo taarifa ya mapato na matumizi husomwa. Kosa la kawaida ni kuridhika na jumla. Mtendaji akisoma kwamba shilingi milioni 14 zimetumika kwenye ujenzi, swali lenye meno ni la vipande: mifuko mingapi ya saruji, kwa bei gani, kutoka duka gani, nani aliipokea na risiti iko wapi. Bei ya saruji inajulikana na kila fundi wa kijijini, na mpigaji anayeweza kumdanganya mkaguzi kutoka mkoani hawezi kumdanganya fundi.

Mfano mzuri ulipatikana mwaka 2021, Tanzania ilipotumia mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kukabiliana na athari za UVIKO-19, na sehemu ya fedha hizo ikaenda kujenga madarasa 15,000. Darasa la sekondari lilitengewa shilingi milioni 20, na kiasi hicho kilitangazwa kila mahali. Mwenyekiti wa kitongoji, mzazi na fundi wote waliijua milioni 20, kwa hiyo kila mmoja aliweza kulitazama darasa na kujiuliza kama limefanana nayo. Miradi mingi haina faida hiyo kwa sababu tu hakuna aliyeuliza kiasi kilichotengwa kabla ujenzi haujaanza.

Kabla ya msingi kuchimbwa, basi, wananchi wadai mambo manne: kiasi kilichotengwa na chanzo chake, makadirio ya vifaa, yale mafundi wanayoyaita BOQ, jina la mkandarasi au mafundi na namna walivyopatikana, na tarehe ya kumaliza. Shule au zahanati ikijengwa kwa utaratibu wa mafundi wa kawaida chini ya kamati za wananchi, uangalifu mkubwa uwekwe kwenye kamati ya mapokezi. Kamati ya ujenzi ina heshima na picha, lakini mali hupotelea kwenye mapokezi: gari huandikwa limeshusha tripu kumi za mchanga ilhali zimeshuka saba. Mjumbe wa mapokezi anayejua kuhesabu na asiyetaka kusaini usiku ana thamani kuliko hotuba kumi.

Ofisi ikikataa kutoa taarifa, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuziomba kwa maandishi, na ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Ombi litaje karatasi mahususi. "Naomba taarifa kuhusu ubadhirifu wa mradi wa maji" litajibiwa kwa barua ya kusema hakuna ubadhirifu. "Naomba nakala ya mkataba wa kuchimba kisima cha kitongoji fulani na hati za malipo yaliyokwishafanyika" halina pa kukwepea: ama nakala itolewe, ama sababu ya kuinyima iandikwe. Nakala ya ombi igongwe muhuri wa kupokelewa na kutunzwa. Nchini Kenya haki hii imo kwenye Katiba ya 2010, ibara ya 35, hivyo barua ikianza kwa kuitaja ibara hiyo huchukuliwa kwa uzito zaidi.

Ni vyema kuomba kwa jina la kikundi. Mtu mmoja anayeuliza huitwa mchochezi, au huambiwa ana ugomvi wake na mtendaji. Kamati ya wazazi, kikundi cha vikoba, chama cha watumia maji au jumuiya ya wafanyabiashara wa soko ni vigumu kuitwa hivyo, na pia ni vigumu kumnunua kila mwanachama.

Kwa wazabuni, saa ya kupiga kelele ni pale notisi ya kusudio la kutoa tuzo inapotolewa, kabla mkataba haujasainiwa. Malalamiko huanzia kwa afisa masuuli wa taasisi inayonunua, kisha Mamlaka ya Rufani ya Zabuni za Umma, na siku zinazoruhusiwa ni chache. Wafanyabiashara wengi huchagua kunyamaza ili wasiharibu uhusiano na ofisi, wakitumaini zamu yao itafika. Hesabu hiyo ni mbaya. Zabuni inayopatikana kwa zamu hugeuka kuwa zabuni inayolipiwa, na mwenye mtaji mdogo huwa wa kwanza kushindwa bei.

Aliye ndani ya ofisi

Hakuna aliye karibu na rushwa ya wakubwa kuliko mtumishi wa ngazi ya kati: mhasibu, mhandisi, afisa ugavi, mtunza stoo, mjumbe wa bodi ya zabuni. Mkubwa mara chache husaini peke yake. Huhitaji saini ya chini ili siku ya siku awe na wa kumsukumia. Maagizo hutolewa kwa simu au kwenye korido, na hati hubaki na jina la mdogo.

Kinga ya kwanza ni kuomba agizo kwa maandishi. Hili halihitaji ubishi. Mtumishi huandika dokezo fupi kwenye jalada akieleza kwamba ameelekezwa kufanya malipo fulani, kwamba viambatisho fulani havipo, na kwamba anaomba mwongozo. Sentensi tatu zinatosha. Wakubwa wengi hurudi nyuma wakiona jambo limeingia kwenye jalada, na asiyerudi nyuma atalazimika kuandika kwa mkono wake. Mjumbe wa bodi ya zabuni asiyekubaliana na uamuzi ahakikishe pingamizi lake limo kwenye muhtasari kabla hajausaini. Kukaa kimya kikaoni na kunung'unika kantini hakuhesabiwi popote. Kukubali kusaini hati ya tarehe ya nyuma ni hatari kuliko yote, kwani hapo mtumishi huacha kuwa shahidi na kuwa mshiriki. Kifungu cha 31 cha ile sheria ya rushwa ya 2007 kuhusu matumizi mabaya ya madaraka hakiangalii mshahara wa aliyesaini.

Kutoa siri nje ni hatua nzito, na historia haifichi gharama yake. David Munyakei, karani wa Benki Kuu ya Kenya, ndiye aliyetoa nyaraka zilizoifichua Goldenberg. Alikamatwa, akapoteza kazi, akahamia Mombasa, na alifariki mwaka 2006 akiwa maskini, baada ya nchi kumwita shujaa. John Githongo, aliyekuwa katibu mkuu wa masuala ya utawala bora na maadili, alijiuzulu mwaka 2005 akiwa London kwa sababu ya kashfa ya mikataba ya serikali iliyojulikana kama Anglo Leasing. Yeye alikuwa na cheo, jina na mahali pa kukimbilia. Karani hana. Kwa hiyo anayekusudia kutoa taarifa ajitayarishe kama asiye na mlinzi, hata pale sheria inapomwahidi ulinzi, kama ile ya Tanzania ya mwaka 2015 inayohusu watoa taarifa na mashahidi. Aache nakala halisi mahali pake, kwa kuwa kuondoa jalada ofisini ni kosa linaloweza kugeuzwa kuwa kesi dhidi yake. Aandike tarehe, majina na namba za hati wakati bado anazikumbuka. Aonane na wakili au kituo cha msaada wa kisheria kabla ya kufungua mdomo, na asimweleze mwenzake wa ofisini hata kama ni rafiki. Kutuma tuhuma kwenye makundi ya WhatsApp ni njia mbaya: mtuhumiwa hupata muda wa kuchoma karatasi, na mtumaji huweza kushtakiwa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kwamba amesambaza taarifa za uongo.

Pa kupeleka taarifa

Tanzania Bara, chombo kikuu ni TAKUKURU, yenye ofisi mikoani na wilayani na namba ya simu ya bure 113. Zanzibar ina mamlaka yake, ZAECA, na Kenya ina Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Anayeombwa hongo hahitaji kukataa kwa hasira wala kulipa. Anaomba muda, anaondoka, na anatoa taarifa kabla fedha haijatoka, ili mtego uwekwe kwa noti zilizowekewa alama. Akishalipa, kisheria naye ni mkosaji, na ushahidi wake hupungua nguvu. Utaratibu huu umezoeleka kwa hongo ndogo, lakini unafanya kazi vilevile kwa mkurugenzi anayedai asilimia 10 ya mkataba.

Kiongozi anayeishi kupita kipato chake anaihusu pia Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma, iliyopo kwa sheria ya mwaka 1995, ambako viongozi hutakiwa kuwasilisha tamko la mali na madeni kila mwaka. Raia anaweza kupeleka lalamiko huko. Lalamiko lenye namba ya kiwanja au ya gari huenda mbali kuliko lile la kusema fulani amejilimbikizia mali.

Popote taarifa inapopelekwa, anayeipeleka aondoke na namba ya kumbukumbu na jina la afisa aliyeipokea, na arudi kuifuatilia. Mafaili mengi hufa kwa kukosa wa kuyauliza, na si kila mara kwa kuhongwa mpelelezi.

Wakati wa uchaguzi na baada yake

Mgombea anayegawa fedha, kanga na pilau huwa ameshaingia gharama, na gharama hiyo itarudishwa. Tanzania iliwahi kuihalalisha hali hii: mabadiliko ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapigakura, mpaka Mahakama Kuu ilipoyatengua mwaka 2006 katika kesi iliyofunguliwa na asasi za kiraia. Desturi ilibaki baada ya sheria kuondoka. Ushauri wa kula chao na kuwanyima kura husikika kila msimu na huonekana wa kijanja, lakini unasahau kwamba mgombea hununua makundi kupitia mabalozi, viongozi wa vikundi na vijana wa bodaboda, ambao wana njia zao za kuhakikisha. Kinachofaa zaidi ni kumuuliza mgombea hadharani maswali ambayo majibu yake yaweza kukaguliwa baadaye: kama ni diwani, mapato ya ndani ya halmashauri ni kiasi gani, yanakusanywa na mawakala gani kwa mashine, na kwa nini wengine huchelewa kuyapeleka benki.

Maswali hayo yana majibu yaliyoandikwa. Kila mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali humkabidhi Rais ripoti zake mwishoni mwa mwezi Machi, kisha huwasilishwa bungeni na kuwekwa wazi kwa umma. Magazeti huchukua mabilioni ya mashirika makubwa na kuyaacha mengine. Mwananchi atafute jina la halmashauri yake: makusanyo yasiyopelekwa benki, vifaa vilivyolipiwa bila kupokelewa, malipo yasiyo na viambatisho, mikopo ya vikundi isiyorejeshwa. Kila jambo huwa hoja ya ukaguzi, na halmashauri hutakiwa kuijibu. Hoja hizo zinukuliwe, zipelekwe kwa diwani kabla ya kikao cha baraza, na siku ya kikao wananchi wahudhurie, kwani vikao vya baraza huwa wazi kwa watu kuhudhuria na kusikiliza. Mkurugenzi akisema hoja fulani imefungwa, diwani aulize imefungwa kwa ushahidi upi: stakabadhi ya benki, hati ya kupokelea mali, au maelezo matupu. Ikiwa ni maelezo matupu, hoja ileile itafutwe kwenye ripoti ya mwaka unaofuata, pamoja na jina la aliyekuwa afisa masuuli wakati fedha zilipotoka, na wilaya aliyohamishiwa.